Tunaotembea Kando ya Maji ya Ndakaini

Watu wa Nairobi siku hizi tumependa kutembea. Jumamosi alfajiri utatuona na viatu vizito na mikoba mgongoni, tukingoja matatu ya kutupeleka Ngong au kwingine kwenye hewa. Mimi huenda Ndakaini mara nyingi, na ndiko lilikonijia swali hili: mtu anayejiburudisha kando ya maji yaliyofunika mashamba ya wengine, tena maji anayoyanywa mwenyewe nyumbani, anadaiwa kitu? Na kama anadaiwa, anadaiwa nini hasa?

Kwa wasiopajua: bwawa lenyewe, ambalo kwenye karatasi huitwa Bwawa la Thika, liko Gatanga, kaunti ya Murang'a, chini ya msitu wa Aberdare. Lilimalizika 1994. Ukuta wake una urefu wa mita 65 kwenda juu, na likijaa hubeba kama mita za ujazo milioni 70. Mito inayolilisha ni Thika, Githika na Kayuyu. Maji yakitoka hapo husafishwa Ng'ethu, huteremka hadi matangi ya Gigiri, kisha yanaingia kwenye mfereji wako, siku yakiamua kuingia. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi yametoka hapa. Mvua ikikosa Aberdare, mgao unatupiga huku chini.

Ukilizunguka kwa miguu utagundua jambo ambalo huwezi kuliona garini. Ziwa la kuumbwa, kama Naivasha, limejilaza tu, pana na wazi. Ndakaini ina vidole. Unatembea nusu saa kuingia ndani ya kidole kimoja, unavuka kijito, unatembea nusu saa nyingine kutoka, halafu unajikuta umesogea hatua chache tu mbele. Kila kidole ni bonde, na katika nchi ile bonde huwa na watu wake wa mgongo huu na wa mgongo ule. Majani chai yanashuka hadi karibu na maji. Maji yakipungua, udongo mwekundu hujitokeza pande zote kama mshipi. Ni pazuri kweli, sitaki kudanganya. Ukungu ukipanda asubuhi unaweza kusahau kwamba hiki ni chombo kilichotengenezwa na watu ili watu wengine wanywe.

Rafiki yangu mmoja mwanasheria hanielewi kabisa. Kwake mambo ni mepesi: ardhi ikichukuliwa kwa manufaa ya umma hulipiwa fidia, na kilicholipiwa kimeisha. "Nikikuuzia ng'ombe," aliniambia, "utakunywa maziwa kila siku, na mimi sikudai hata kikombe." Nilikaa na mfano huo wa ng'ombe muda mrefu maana ni mzuri. Lakini una tundu. Mwenye ng'ombe angeweza kusema hapana. Angeweza kurudi naye nyumbani kutoka sokoni. Mwenye shamba lililo kwenye ramani ya bwawa hana soko la kurudia. Anaambiwa bei, na hata akikataa, maji yatapanda. Bei hufunga hesabu pale tu ambapo mtu alikuwa na nafasi ya kukataa.

Je, basi jiji likae na kiu? Hapana. Sensa ya 2019 iliwahesabu Nairobi watu zaidi ya milioni 4, na hakuna aliye na haki ya kuwaambia wachote Nairobi River. Naamini bwawa lilipaswa kujengwa. Ila jambo la haki linaweza kuacha deni nyuma yake. Mtu wa bodaboda anayempeleka mtoto mgonjwa hospitalini usiku, akavunja ua wa jirani ili apite, amefanya sawa kabisa. Na kesho bado ua ni wake kuutengeneza. Hatusemi "alikuwa na sababu nzuri" tukaishia hapo.

Wenzetu Wales walipitia haya. Mwaka 1965 kijiji cha Capel Celyn kilizamishwa ili Liverpool ipate maji, licha ya wabunge wa Wales kuupinga mpango huo. Baraza la jiji la Liverpool lilikuja kuomba radhi 2005, miaka 40 baadaye. Unaweza kusema ni maneno matupu. Mimi nasema angalau walikubali kwamba kulikuwa na hesabu.

Sasa, nani hasa mdaiwa? Hapa ndipo nilipopunguziwa ujuaji wangu. Nilikutana na shosho mmoja akipanda mteremko na mtungi mgongoni, kamba ikiwa kichwani. Nikamwamkia, nikamwomba nimsaidie, akakataa kwa upole.

"Umetoka Nairobi?"

"Ndiyo, shosho."

"Na maji, yanawafikia?"

Nikamwambia kwetu Eastlands ni mara mbili kwa wiki, tena usiku wa manane.

Akacheka. "Kumbe sisi na nyinyi tunayaona tu."

Kwa hiyo "sisi watu wa Nairobi" si mdaiwa mmoja. Kuna anayeamka saa nane za usiku kujaza madebe, na kuna anayemwagilia nyasi mchana. Deni liende kwa kadiri ya kunywa. Na sababu ya shosho kubeba mtungi juu ya bwawa lililojaa si siri: maji hufuata mteremko. Kwetu yanakuja yenyewe, mlima unayasukuma. Kwao wanaokaa migongoni yanahitaji pampu na umeme, na pampu ina gharama kila mwezi. Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na ya kutosha. Haijasema kila mtu aliye upande wa chini.

Ndiyo maana simpi mtembeaji dawa ya kujisikia vibaya. Huzuni ya Jumamosi haipandishi maji hata mita moja. Wala sioni dhambi katika kufurahia pale. Shosho mwenyewe alinionyesha njia yenye kivuli. Ninachotaka ni pampu, na anayekunywa zaidi aigharamie zaidi.

Tena hesabu haijasimama. Siku hizi kuna njia ya maji chini ya ardhi, kilomita 11.8, inayochota kutoka mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyaleta Ndakaini. Watu wa Murang'a walibishana nayo kwa miaka, wengine wakaitwa wachochezi. Bili yangu inanitoza maji na maji taka. Wakiongeza mstari mmoja wa Gatanga, nitaulipa, na nitataka risiti.