Waliofundisha Shule Zikiwa Zimefungwa

Februari 1988, miezi michache tu tangu Intifada, yaani uasi wa Wapalestina dhidi ya utawala wa Israeli, ianze, jeshi la Israeli lilifunga shule za Ukingo wa Magharibi. Walimu wa Palestina wangekaa nyumbani kusubiri, nani angewalaumu? Hawakukaa! Waliwakusanya watoto sebuleni, kwenye gereji, misikitini na makanisani, wakaendelea na somo pale lilipokatikia. Agosti mwaka huohuo kamati za wananchi, zilizosimamia masomo hayo na kazi nyingine za mitaani, zikapigwa marufuku. Kumfundisha mtoto wa jirani kujumlisha kukawa jambo la kumfikisha mtu jela. Bado walifundisha.

Vyuo navyo vilifungwa. Chuo Kikuu cha Birzeit kilitiwa kufuli tangu Januari 1988 hadi 1992. Miongoni mwa waliokatiziwa masomo ni Hanan Al Hroub, binti aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Dheisheh, Bethlehemu. Alirudi kusoma akiwa tayari mama. Kisha siku moja watoto wake wakakutana na risasi wakitoka shule, wakabaki na woga usiokwisha. Akaanza kuwatuliza kwa michezo nyumbani, na michezo hiyo akaipeleka darasani: mtoto mwenye hofu na hasira atulie kwanza, acheke na wenzake, ndipo ashike kalamu. Mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani, dola milioni moja. Alistahili kila senti.

Lakini walio wengi hawana tuzo. Miaka ya karibuni, walimu wa shule za serikali Ukingo wa Magharibi wamekuwa wakipokea mshahara nusunusu, kwa kuwa Israeli inazuia kodi inazokusanya kwa niaba ya Wapalestina. Gaza, tangu vita vilipoanza Oktoba 2023, kuna walimu waliofiwa, waliobomolewa nyumba, na bado asubuhi wanaingia hemani kufundisha watoto walioketi chini. Mtu aliyepoteza kila kitu anasimama anafundisha irabu! Huo ndio ushujaa ninaoujua mimi.

Mwalimu mwenzangu, kesho kabla ya kuita majina, wasimulie wanafunzi wako habari za walimu hawa. Nawe mzazi, nenda shuleni kwa mwanao. Mshike mkono yule anayefundisha darasa lililofurika, umwambie asante, na usiende mikono mitupu: mpelekee japo boksi la chaki.