Mchukuzi na Alichokiacha Nyuma



Tusemapo juu ya kuzuiwa kwa habari, mawazo yetu hukimbilia serikali na mkasi wake. Safari hii yafaa tumtazame mtu mwingine: yule atuleteaye habari kwa mkono wake mwenyewe.

Tuchukue mfano wa nchi ya Kuba. Kwa miaka mingi intaneti huko ilikuwa haba na ya bei kali. Mwaka 2015 serikali ilifungua vituo 35 vya umma, na saa moja ikalipiwa kiasi cha dola 2. Intaneti ya mtandao wa simu za mkononi haikufunguliwa kwa umma mpaka Desemba 2018. Basi watu wakajitafutia njia. Kila juma wakusanyaji walijaza filamu, michezo ya televisheni, nyimbo, magazeti na matangazo ya biashara katika diski yenye nafasi ya terabaiti 1. Mali hiyo ikatoka Havana kwenda mikoani, ikanakiliwa mtaa kwa mtaa. Jina lake ni El Paquete Semanal, yaani Kifurushi cha Wiki.

Lakini ina masharti mawili: picha za ngono hazimo, wala siasa za kuipinga serikali. Wakusanyaji hujikata wenyewe ili wasifungiwe, na serikali nayo hufumba macho.

Je, wametenda kosa? Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mchukuzi hana budi kuchagua, kwa kuwa mzigo una kipimo. Tena yuko hatarini yeye, si sisi tunaomsema tukiwa mbali. Na kama angekaidi, huenda watu wangekosa hata kile kidogo.

Hata hivyo, tuyapime masharti yale mawili. La kwanza laweza kutokana na heshima. La pili latokana na hofu. Kwa mpokeaji yote mawili yanafanana, maana pengo halisemi limeletwa na nini. Tena mtawala aliyefaulu kuwafanya watu wajizuie wenyewe amepata walinzi asiowalipa mshahara. Hapo ndipo penye hatari: hofu ikizoeleka hujiita busara.

Jambo moja lawapunguzia lawama. Baadhi yao wamewaambia waandishi wa habari waziwazi kwamba siasa hawaigusi. Ajuaye kwamba kuna kilichoachwa aweza kukitafuta kwingine; asiyejua hudhani ameona yote.

Nasi tu wachukuzi. Tunajaza flashi za jirani, tunawapelekea wazee kijijini habari na picha, tunachagua watoto watazame nini. Kuchagua si dhambi. Lakini na tuwe na ujasiri wa kusema, “Hili sikulileta, na sababu yangu ni hii.” Tukiona haya kuitaja sababu, basi tuichunguze upya sababu yenyewe.