Nyimbo Tuzirudiazo

Siku hizi simu huhesabu nyimbo tusikilizazo, na mwisho wa mwaka Spotify humwonyesha mtu zile alizozirudia sana. Je, hesabu hiyo ndiyo moyo wake? Hapa Nyasho mtu aweza kujisifu kuwa apenda litungu, kinubi cha Wakurya, na simu yake ikashuhudia mengine. Asikasirike, mazoea hufunua yafichwayo na kinywa. Walakini hesabu haijui yote. Mtoto akiazima simu, nyimbo zake huhesabiwa kuwa zetu. Tena wimbo tulioimba tukimzika mama hatuupigi kila siku, maana wauma. Nao ndio tuupendao kupita zote. Basi hesabu na iwe shahidi, isiwe hakimu.