Je, Muuzaji ni Mlinzi wa Mnywaji?

Watu wengi huamini kwamba kosa la ulevi ni la mlevi peke yake. Muuzaji, husema, hakumfumbua mtu kinywa. Aliweka bidhaa mezani, na mwenye fedha akachagua. Nami niliishika hoja hiyo miaka mingi, kwa sababu ilinifaa. Jioni moja mjini Osaka, nchini Japani, iliniponyoka.

Nilikuwa nimekwenda kuwatembelea walimu wenzetu, kwani Kiswahili hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Osaka. Mwenyeji wangu alinipeleka kwenye kiwanda kidogo cha bia katika kichochoro cha mtaa wake. Hakikuzidi ukubwa wa darasa moja: mapipa ya chuma ukutani, magunia ya kimea cha shayiri pembeni, na meza ndefu ya wateja wapatao kumi. Kabla ya mwaka 1994, mtu hakupewa leseni ya bia nchini humo asipoweza kutengeneza lita 2,000,000 kwa mwaka. Mwaka huo kiwango kilishushwa hadi lita 60,000, na watu wa mitaani wakapata kuingia katika kazi hiyo.

Aliyeipika bia ndiye aliyeiuza, na wateja wake aliwajua kwa majina. Akaja mzee mmoja, akaegemeza baiskeli mlangoni. Kabla hajaketi aliulizwa neno. Akacheka, akatikisa kichwa, akaletewa chai. Mwenyeji wangu alinifasiria: mzee ameulizwa kama ataiacha baiskeli na kurudi kwa miguu, naye hakutaka. Nchini Japani, kumpa pombe mtu atakayeendesha gari kulifanywa kosa lenye adhabu yake mwaka 2007. Tangu Novemba 2024 sheria hiyo yawahusu pia wenye baiskeli, na aliyetoa pombe aweza kufungwa hata miaka 2.

Nikasema moyoni: huyu haogopi dhambi, aogopa jela. Lakini baadaye aliingia mtu mwingine, kwa miguu, amekwisha kulewa kwingineko. Mwenye duka alimwekea maji, akaketi karibu naye, wakazungumza hata mtu yule akaenda zake. Hapo nilikosa la kusema. Sheria niliyosimuliwa ilitazama magurudumu. Muuzaji yule alimtazama mtu.

Nikamkumbuka mama yangu, Mungu amrehemu. Kwetu magharibi mwa Uganda aliuza tonto, pombe ya ndizi mbivu zinazokamuliwa kwa nyasi, maji yake yakachanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, yakaachwa yachache. Pombe hiyo ndiyo iliyonilipia karo. Miongoni mwa wateja wake alikuwamo baba wa mwanafunzi mwenzangu. Mwaka nilioingia sekondari, mwenzangu alibaki nyumbani kwa kukosa karo. Mama alimjua baba, alimjua na mtoto, na fedha zile alijua zilikuwa za nini. Nami nilijua.

Sisemi haya kumhukumu mjane aliyekuwa na watoto wa kulisha. Tena yupo atakayeuliza: angalimkataa, mtu yule si angalikwenda kunywa kwa jirani? Hapana shaka angalikwenda. Lakini jibu hilo halifuti kosa. Lasema tu kwamba lingalitendwa na mwingine.

Kwa maoni yangu, wajibu wa muuzaji hufika pale ujuzi wake unapofika. Mwenye kiwanda kikubwa, ambaye bia yake hunywewa mamia ya maili kutoka kwake, hawezi kumjua kila mnywaji. Kwa huyo, sheria ya nchi ndiyo jicho. Bali anayemimina kwa mkono wake, akamjua mnywaji na nyumba yake, hawezi kudai kwamba aliuza bidhaa tu. Haimpasi kumtawala mtu mzima. Yampasa kuuzuia mkono wake mwenyewe. Waswahili husema pombe si chai, na kwa sababu hiyo wakati mwingine yafaa chai.

Naliweka swali hili mbele ya wasomaji wetu, hasa wale ambao karo zao, kama yangu, zilitoka mtungini. Mwenzangu yule yu hai. Tukikutana sokoni huniamkia kwa heshima, huniita mwalimu. Sijapata kumwambia neno.