Mjukuu wa Alice

Siku moja mtoto mdogo wa kijiji cha Helpston, katika Northamptonshire nchini Uingereza, alitoka nyumbani bila kumuaga mtu akaenda kuutafuta mwisho wa dunia. Kwa akili yake dunia iliishia pale mbingu inapogusa ardhi, na mahali hapo palionekana kwa macho, mwendo wa kutwa tu. Alikatiza vichaka vya Emmonsales, akazidi kwenda mpaka asijue tena yuko wapi. Aliporudi jioni aliwakuta wazazi wake wamechanganyikiwa na majirani wametoka kumsaka.

Mtoto huyo ni John Clare, aliyezaliwa mwaka 1793, mwana wa kibarua aliyepura nafaka kwenye mashamba ya watu. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi kilitoka mwaka 1820, na mpaka leo Waingereza wakizungumzia utoto wa mashambani, jina lake haliko mbali. Nimemchagua kwa tafakari ya juma hili kwa sababu wengi wetu tunaishi mbali na tulikozaliwa, na tunapokumbuka nyumbani tunachagua cha kukumbuka. Waingereza walianza zoezi hilo mapema. Sensa ya mwaka 1851 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wa Uingereza na Wales walikuwa wanakaa mijini. Kijiji kilipobaki nyuma kikageuka picha: nyumba ya mawe, paa la nyasi, waridi mlangoni, kengele ya kanisa ikilia Jumapili. Picha hiyo imechapwa kwenye kalenda na makopo ya biskuti kwa vizazi. Sina ugomvi na makopo ya biskuti. Ila kwenye picha ile hutamwona Alice.

Alice Clare alikuwa bibi yake John, mzaa baba. Baba yake Alice alikuwa karani wa kanisa pale Helpston, yaani mtu anayekaa karibu na padri wakati wa ibada na kuitikia sala kwa niaba ya watu wote. Akaja kijijini mwalimu mmoja Mskoti, mtu wa kutangatanga na fidla yake, akafundisha watoto kwa muda. Alice akapata mimba. Mwalimu aliposikia habari hizo akaondoka, na Helpston haikumwona tena. Mtoto alipozaliwa alipewa jina la ukoo wa yule mwalimu, Parker, likawa jina lake la kwanza, na Clare akalichukua kwa mama yake. Huyo Parker Clare ndiye baba wa mshairi.

Hebu mfikirie yule karani. Jumapili baada ya Jumapili anasimama mbele ya kijiji kizima akisema “Amina”, na kila aliyeketi anajua mambo ya nyumbani kwake. Sijui kama sisi tunaoshika nafasi za mbele kanisani huwa tunawakumbuka watu wa namna hiyo tunapopaaza sauti juu ya maadili ya vijana.

Mambo kama haya yanajulikana kwa sehemu kubwa kwa sababu ya amri moja. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia iwe na kitabu cha kuandikia ubatizo, ndoa na maziko. Kitabu kitunzwe katika sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa padri, wa pili kwa wazee wa kanisa, na kila Jumapili kilichotokea katika juma kiandikwe. Kabla ya hapo nasaba ilikuwa mali ya mabwana wenye ardhi. Kuanzia hapo kibarua naye akaandikwa, na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa akaandikwa, ingawa mara nyingi kwa neno kali pembeni ya jina na nafasi ya baba ikiwa tupu. Waingereza wanaotafuta asili yao hupitia vitabu hivyo, na wengi hutafuta bwana mkubwa wakakuta Alice.

Desturi hiyo ilitufikia na sisi. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu Zanzibar na kufanya kazi kubwa ya kuifasiri Biblia kwa Kiswahili, alikuwa padri wa kijiji cha Little Steeping, Lincolnshire, kabla ya kusafiri kuja huku mwaka 1863. Vitabu vya ubatizo vilivyomo katika makabati ya makanisa yetu ya Kianglikana ni watoto wa vile vya vijiji vya Uingereza.

Injili ya Mathayo inafunguliwa na orodha ya namna hiyo, ile tunayoiruka haraka ili tufike kwenye mamajusi. Mwandishi angeweza kutaja wanaume tupu, safi, mmoja baada ya mwingine. Badala yake akamweka Tamari, aliyezaa na baba mkwe wake. Akamweka Rahabu wa Yeriko, na Ruthu Mmoabu. Akafika kwa mama yake Sulemani, akamwita mke wa Uria, ili msomaji asisahau Daudi alimpataje. Hiyo ndiyo nasaba ya Bwana wetu, na Roho Mtakatifu hakuona haja ya kuipiga rangi.

Clare mwenyewe alipata shida na kumbukumbu, na hapa namsoma kwa huruma. Mwaka 1809 Bunge lilipitisha sheria ya kuzungushia ua ardhi ya Helpston na vijiji jirani. Ilikuwa moja kati ya sheria zaidi ya 5,200 za aina hiyo zilizopitishwa kati ya 1604 na 1914. Malisho ya wote yakawa ya mtu mmoja mmoja, njia zikafungwa, miti ikakatwa. Vile vichaka alivyotembea akiwa mtoto vikawa na mwenyewe. Mwaka 1832 wafadhili wake wakampa nyumba bora zaidi, yenye kiwanja, huko Northborough. Ni kilomita tano hivi kutoka Helpston. Kwake zilitosha kumfanya mgeni.

Akili yake ikachoka. Mwaka 1837 alipelekwa kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili huko High Beach, Essex, na mwezi Julai 1841 akatoroka kwa miguu. Alitembea siku nne, karibu kilomita 130, bila pesa. Njaa ilipomzidi alikula majani ya kando ya barabara. Usiku alilala kichwa kikielekea kaskazini ili asubuhi asipotee njia. Alikuwa anakwenda kwa Mary Joyce, msichana aliyempenda tangu walipokuwa watoto, ambaye kichwani mwake alikuwa mke wake. Mary alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Aliyekuja kumpokea njiani na mkokoteni ni Patty, mke wake wa ndoa, mama wa watoto wake. Hakumtambua.

Simlaumu, alikuwa mgonjwa. Lakini tuko wazima wengi tunaofanya vivyo hivyo. Tunamlilia mtu wa zamani, au kijiji cha zamani, na aliyekuja kutupokea amesimama mbele yetu na mkokoteni wake. Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, unasema juu ya Abrahamu na wenzake kwamba kama mawazo yao yangebaki katika nchi waliyotoka, nafasi ya kurudi wangeipata. Hawakukatazwa kukumbuka Uru walikotoka. Walikatazwa kuifanya Uru ndiyo ahadi.

Clare alifariki mwaka 1864 katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Northampton, mwili wake ukarudishwa Helpston. Watoto wa shule ya pale huzunguka kaburi lake kila Julai na kuweka vipande vya udongo wenye nyasi, vimechomekwa maua ya porini. Wanamheshimu mjukuu wa Alice.

Ndugu msomaji, juma hili kaa na aliye mkubwa kuliko wote katika ukoo wenu, uwe na daftari. Andika majina anayoyataja. Kisha muulize juu ya yule asiyetajwa: binti aliyefukuzwa, mtoto asiyejulikana baba yake, mjomba aliyeugua akili akafichwa chumba cha nyuma. Andika jina lake sawasawa na mengine, na Jumapili uje nalo tuliombee.