Shakivale wa Kinangop

Kule Kinangop, juu ya mkalitusi ulio ukingoni mwa shamba la viazi, shakivale anajenga. Ndege mkubwa, kifua cheupe, mkia wa rangi ya kutu. Mtazame anavyotua: kaleta kitawi chenye majani mabichi, anakilaza taratibu katikati ya vijiti vikavu. Kesho ataleta kingine. Mayai kwa kawaida huwa mawili, huatamiwa siku 40 hivi, kisha makinda hukaa kiotani karibu miezi miwili. Na wanalishwa nini? Fuko, yule yule anayetafuna viazi vyetu chini kwa chini! Ewe mwenye shamba, nakusihi, shoka liweke kwanza. Mti huo uache mpaka makinda waruke.