Kusifu kwa Ulimi wa Kuazima

Je, ni uongo kulisifu shairi ambalo halijamgusa msifu? Swali hili huonekana dogo mpaka limfikie kijana wa kidato cha sita, wa Unguja au wa Pemba, aliyechukua tahasusi yenye Kiingereza. Mbele yake pana shairi na karatasi tupu. Ametakiwa aeleze uzuri wa shairi hilo kwa lugha isiyokuwa ya mamaye, na jibu lake lina sehemu katika kumfungulia au kumfungia mlango wa chuo kikuu.

Na uchukuliwe mfano wa soneti ya 18 ya Shakespeare, iliyochapwa mwaka 1609. Mshairi anajiuliza iwapo amlinganishe mpenziwe na siku ya kiangazi, kisha anakitia kiangazi kasoro na kumpandisha mpenzi juu yake. Kiangazi cha Uingereza ni Juni hadi Agosti, miezi ya jua linalongojwa kwa hamu. Visiwani miezi hiyo ni ya kipupwe. Kiangazi cha huku ni joto la kaskazi, watu wakitafuta kivuli. Kijana akilisoma shairi kwa nafsi yake, huenda akaona kwamba mpenzi ametukanwa kabla ya kusifiwa. Aghalabu hayaandiki hayo. Huandika kwamba ulinganishi huo ni mzuri na wavutia, kwa kuwa ndivyo lisemavyo daftari alilonakili. Hapo ametoa ushahidi wa jambo asilolishuhudia.

Ugeni wa kiangazi si kosa la shairi. Walioukalia kitako Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, hawakupata kukanyaga uwanja wa vita wa Tabuki, na bado nyoyo zao zilisisimka. Wala kuhifadhi si kosa. Mwambao umelelewa kwa kuhifadhi: mtoto chuoni huhifadhi kabla hajafahamu, na mashairi ya Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalikaa vifuani mwa watu kabla ya kutiwa kitabuni. Lakini hao walihifadhi shairi lenyewe, na maana ikawajia taratibu, pengine baada ya miaka, pengine siku ya msiba. Mwanafunzi huyu amehifadhi hukumu. Aambiwe aisome soneti kwa ghibu, mistari 14 tu, na huenda asiupate hata mmoja. Ila sifa zake anazo zote, kwa mpangilio.

Itasemwa kwamba ni ukatili kumtaka mtoto wa maskini aseme kweli kwa gharama ya alama zake. Hoja hii ni nzito na haijibiki kwa mahubiri. Anayejua kwamba kauli yake mwenyewe, kwa Kiingereza chake chenye kukwaa, itamshusha daraja, na kwamba kauli ya kunakili itampandisha, hawezi kulaumiwa peke yake. Lawama kubwa zaidi ni ya anayemwimlisha, na ya mtihani unaomlipa.

Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza huko Nairobi ifutwe, ili fasihi ya Afrika iwekwe kitovuni. Walikuwa na haki. Lakini orodha ya vitabu ni nusu tu ya jambo: riwaya ya Achebe nayo huweza kusifiwa kwa daftari lile lile, na uongo wake ukawa mgumu zaidi kugundulika, kwani kijana hana hata kisingizio cha ugeni.

Mfano wa msomaji huru uko karibu. Mwalimu Nyerere aliitafsiri *Julius Caesar* mwaka 1963, na mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, akatoa *Mabepari wa Venisi*. Katika jina la tamthilia hiyo Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja; Nyerere akaandika mabepari, tena kwa wingi. Mtu aweza kuipinga tafsiri hiyo, na sababu zipo. Hata hivyo neno lile ni la msomaji aliyeketi na kitabu akakitolea kauli yake, bila kumwomba radhi mwenyewe.

Kijana wa kidato cha sita hadaiwi tafsiri. Angeweza kuandika, kwa Kiingereza chepesi, kwamba soneti ile inajigamba kumwepusha mpenzi na mauti, ilhali haikumtaja jina wala kuonyesha sura yake. Basi ni nani hasa aliyehifadhiwa, mpenzi au mshairi? Sentensi hiyo haimo daftarini. Imebaki kujulikana iwapo msahihishaji, mwenye rundo la karatasi na mwongozo wa majibu mkononi, ana mahali pa kuitilia alama.